Nyumba ya Karema na Waliowahi Kuimiliki



Dominika moja, baada ya Misa katika kigango kimojawapo cha Mwamkulu, wazee na vijana walibishana mbele yangu. Jambo lenyewe lilikuwa kikanisa cha kwanza cha kigango, kile cha tofali mbichi, ambacho sasa kimepasuka nyufa kwa mvua na kuliwa na mchwa. Kanisa jipya limefikia usawa wa linta. Vijana walitaka cha zamani kibomolewe, na kifusi chake kijaze sakafu ya jipya. Mzee mmoja akasimama, akasema kwa upole: “Bomoeni, wanangu, lakini kwanza mniambie ni nani aliyekijenga.” Hakuna kijana aliyejibu. Nami Padre wao sikujibu, kwa maana sikujua.

Swali lile lilinirudisha Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, magharibi ya Mpanda. Nilipofika huko mara ya kwanza nikiwa mseminari, tulioneshwa jengo kongwe la misioni, tukaambiwa kwamba hapo ndipo imani ilipoingilia katika nchi yetu. Tulisali na kuondoka. Hatukuuliza nani aliijenga nyumba ile, kwa nini kuta zake ni nene namna ile, wala kwa nini wamisionari waliichagua kilima hicho. Jibu ni kwamba hawakukichagua wao. Nyumba ilikuwako kabla yao, na haikujengwa iwe nyumba ya sala. Ilijengwa iwe ngome.

Waamini wengi wa jimbo letu wanalijua jina la Karema, lakini wachache wanaijua habari ya nyumba hiyo na waliowahi kuwa wenye nyumba. Napenda niieleze hapa kwa utaratibu, pamoja na yale yasiyotupendeza.

Ngome ya mfalme asiyewahi kufika

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwakusanya wasafiri na wataalamu wa jiografia mjini Brussels. Katika mkutano huo kilizaliwa Chama cha Kimataifa cha Afrika. Makusudi yaliyotangazwa yalikuwa mazuri: kuichunguza Afrika ya kati, kujenga vituo vya kuwapokea wasafiri, na kuikomesha biashara ya utumwa. Makusudi ambayo hayakutangazwa yalijulikana baadaye.

Msafara wa kwanza wa chama hicho ulifika Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1877. Kabla haujaanza safari ya bara, Januari 1878, wawili kati ya viongozi wake, Crespel na Maes, walikufa Zanzibar. Uongozi ukamwangukia Kapteni Ernest Cambier, ofisa wa jeshi la Ubelgiji. Yeye na wapagazi wake walikata nchi kupitia Unyamwezi, na mwezi Agosti 1879 wakafika Karema, mahali palipokaliwa na Wabende. Hapo Cambier akaanza kujenga kituo juu ya mwinuko ulio karibu na maji: kuta nene za udongo, ua katikati, na pembe zilizojitokeza nje ili walinzi waweze kuona pande zote.

Kwa nini karibu na maji? Kwa sababu siku zile ziwa lilikuwa limejaa kuliko tulionavyo leo. Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, ulikuwa umezibika kwa muda mrefu. Mnamo miaka hiyo hiyo ya mwisho ya 1870 kizuizi kilifunguka, maji yakaanza kutoka kwa nguvu, na kina cha ziwa kikashuka mwaka hata mwaka. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa kando ya maji ilijikuta mbali na maji. Wasafiri wa wakati ule walimlaumu Cambier kwa kuchagua mahali pabaya. Hakuna aliyewaeleza kwamba ufuo wenyewe ulikuwa unahama.

Historia ya nyumba huandikwa kwa jina la aliyeamuru ijengwe. Lakini Kapteni hakukanyaga udongo wala kubeba maji. Mikono iliyoisimamisha ngome ya Karema ilikuwa ya Wabende na majirani zao, na ya Wanyamwezi, Waswahili na watu wa pwani waliokuja na msafara. Majina yao mengi hayakuandikwa popote. Yule mzee wa Mwamkulu angewauliza Wabelgiji swali lile lile alilotuuliza sisi, nao wangenyamaza kama sisi.

Gharama ya miaka sita

Chama kile kiliishika Karema kwa miaka sita tu, lakini miaka hiyo iligharimu uhai wa watu wengi. Mwaka 1879 Mfalme Leopold alijaribu kutumia tembo wa India badala ya wapagazi. Tembo wanne waliteremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakiongozwa na Kapteni Carter. Walikufa mmoja baada ya mwingine, na hata aliyefika Karema hakuishi muda mrefu. Mwezi Juni 1880 Carter mwenyewe na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe, ndani ya mkoa wetu huu wa Katavi, mji huo uliposhambuliwa na majeshi ya Mtemi Mirambo na washirika wake. Kapteni Ramaeckers, aliyempokea Cambier na kuiimarisha ngome, alikufa Karema mwezi Februari 1882. Akamfuata Luteni Jérôme Becker kwa muda, na mwaka huo huo 1882 akaja Émile Storms.

Kuhusu Storms sina budi kusema wazi. Mwaka 1883 alivuka ziwa akajenga kituo cha pili Mpala, upande wa Kongo. Huko alishindana na mtawala mwenye nguvu aliyeitwa Lusinga, ambaye naye aliishi kwa kuteka watu na kuwauza. Mwezi Desemba 1884 Storms alituma watu wake wenye silaha. Lusinga akauawa, kichwa chake kikakatwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, ambako limehifadhiwa katika makumbusho mjini Brussels. Huyo ndiye mtu wa mwisho kuimiliki nyumba ya Karema kwa niaba ya Mfalme kabla haijawa nyumba ya Kanisa. Tukiisimulia habari ya Karema tukamruka Storms, tutakuwa tumesimulia nusu yake.

Funguo zinabadilishwa mikono

Kati ya Novemba 1884 na Februari 1885 mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin. Leopold akapata alichokuwa akikitafuta: nchi kubwa ya Kongo, iliyotambuliwa kuwa dola yake mwenyewe. Yaliyotendeka humo, watu kulazimishwa kuvuna mpira, vijiji kuchomwa na mikono kukatwa, yanajulikana duniani kote. Ubelgiji ililazimika kumnyang'anya Kongo mwaka 1908. Lakini ufuo wa mashariki wa ziwa haukuwa ndani ya mipaka yake. Wajerumani walikuwa wameanza kuinyoshea mkono nchi hii, na Karema haikumfaa tena Mfalme. Akawapa wamisionari vituo vyote viwili, Karema na Mpala.

Wamisionari hao walikuwa wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Shirika hilo lilianzishwa na Kardinali Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza wa kuja kwetu uliondoka Bagamoyo mwaka 1878. Padre Pascal, aliyechaguliwa kuongoza kundi la Tanganyika, alifia njiani, na wenzake wakafika Ujiji Januari 1879. Kwa miaka sita walitangatanga kati ya vituo vya mwambao, wakiugua na kuzikana, mpaka mwaka 1885 walipokabidhiwa Karema. Mahali pa bendera ya chama cha Mfalme pakasimamishwa msalaba.

Je, walifanya vema kupokea zawadi kutoka mkono ule? Swali hili nimeulizwa na vijana, tena si la kijinga. Wamisionari wa wakati ule hawakuweza kuyaona yote yatakayotendeka Kongo. Waliona nyumba yenye kuta imara katika nchi ambayo watu walitekwa usiku wakauzwa. Lakini ni kweli pia kwamba pamoja na kuta walirithi madaraka. Kwa miaka kadhaa misioni ya Karema ilikuwa kama kinchi kidogo: mapadre walihukumu kesi, waligawa mashamba, na walikuwa na walinzi wenye bunduki. Ng'ambo ya ziwa kazi ya ulinzi ilishikwa na mlei Mfaransa, Kapteni Léopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa. Alioa mwanamke wa nchi ile, akaishi huko hadi kufa kwake mwaka 1927. Serikali ya Kijerumani ilipojiimarisha ziwani katika miaka ya 1890, madaraka hayo ya kidunia ya mapadre yalikoma, na nadhani ilikuwa heri kwa Kanisa kuyapoteza.

Nyumba ya waliokombolewa

Waliokaa ndani ya kuta zile, zaidi ya mapadre, walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa watoto. Njia za misafara ya watumwa zilipita mwambaoni, na Ujiji ilikuwa soko kubwa. Wamisionari waliwanunua watoto kutoka kwa wafanyabiashara ili kuwapa uhuru, wakawalea, wakawafundisha kusoma, kulima na useremala, na walipokua wakawaozesha na kuwapa mashamba kuizunguka misioni. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa, na habari alizozitegemea zilitoka katika misioni kama hizi za Tanganyika.

Hata hapa historia ya kweli ina maumivu yake. Kumkomboa mtoto kwa fedha ni kumlipa aliyemteka, na wamisionari wenyewe walilijua jambo hilo. Tena mtoto aliyekombolewa hakurudishwa kwao. Mara nyingi kwao kulikuwa kumechomwa, au mtoto alikuwa mdogo mno asikumbuke jina la kijiji chake. Alipata uhuru, lakini aliishi chini ya kengele na kanuni za misioni. Wakristo wa kwanza wa nchi yetu walitokana kwa sehemu kubwa na watoto hao wasiokuwa na ukoo. Familia kadhaa zinazojivunia leo Ukatoliki wa vizazi vitano zina bibi au babu ambaye jina la wazazi wake halikujulikana kamwe. Hiyo si aibu kwao. Ni aibu ya waliowauza.

Mganga kutoka Timbuktu

Kati ya wote walioishi Karema, mmoja anastahili kutajwa peke yake. Adrien Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na wamisionari wakamkomboa Algeria. Walimsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta kujifunza uganga pamoja na vijana wengine Waafrika, kwa maana Lavigerie aliamini kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe.

Atiman alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Alikuja kama mganga na katekista, naye hakuondoka tena. Alimwoa Wansahira, binti wa mtawala wa Kibende. Kwa zaidi ya miaka 60 alitibu wagonjwa, alifundisha katekisimu, na hakuona haya kujifunza dawa za miti kwa wazee wa nchi. Mwanawe Joseph alipata Daraja ya Upadre mwaka 1923. Atiman alikufa Karema mwaka 1956, mzee wa karibu miaka 90.

Fikirini, ndugu zangu. Maofisa wa Mfalme walioijenga nyumba ile hawakumaliza miaka mitatu mitatu ndani yake. Mtoto aliyeuzwa jangwani, asiyekuwa na haki ya kumiliki hata nguo yake, ndiye aliyekaa hapo muda mrefu kuliko wote, na jina lake ndilo linalotajwa kwa upendo hadi leo. Kwa hati ya ardhi, Atiman hakuwahi kuwa mwenye nyumba. Kwa macho ya imani, sioni mwingine anayestahili zaidi kuitwa hivyo.

Kutoka misioni hadi majimbo

Karema ikawa makao ya maaskofu. Askofu Jean-Baptiste Charbonnier aliwekwa wakfu na Askofu Livinhac mwaka 1887 huko Kipalapala, karibu na Tabora, na miezi michache baadaye, mwaka 1888, akafa Karema. Mrithi wake, Askofu Bridoux, alikufa mwaka 1890. Ndipo mwaka 1891 akaja Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza Vikarieti ya Tanganyika kwa zaidi ya miaka 25. Mwaka 1907, hapo hapo Karema, alianzisha shirika la masista wazalendo, Masista wa Maria Malkia wa Afrika, ambao wanaendelea kutuhudumia. Alikufa Karema mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka mmoja kabla yake, askari wa Kibelgiji kutoka Kongo walikuwa wamevuka ziwa na kuishika Karema, ile ile ambayo Wabelgiji walikuwa wameiachia miaka 31 nyuma. Lakini safari hii waliikuta ina Wakristo, makatekista na shule. Wafalme na maaskari walikuja na kuondoka, Wakristo wakabaki.

Mwaka 1953 Karema ikafanywa jimbo, na mwaka 1958 likapata Askofu mzalendo, Hayati Charles Msakila. Mwaka 1969 makao na jina vikahamia Sumbawanga. Mwezi Oktoba 2000 Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili akaanzisha Jimbo la Mpanda, na Hayati Pascal William Kikoti akawa Askofu wake wa kwanza. Hivyo Karema, mama wa majimbo, leo ni mtoto ndani ya jimbo letu. Bandari mpya imejengwa pale, na wafanyabiashara wanavusha mizigo kwenda Kongo. Maji yale yale yaliyovusha watu wenye minyororo sasa yanavusha mchele na mahindi, pengine pamoja na mchele wa mabonde yetu ya Mwamkulu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, nyumba haitakaswi na asili yake, wala haihukumiwi milele kwa ajili ya asili yake. Zaburi ya 127 inatufundisha kwamba kazi ya mjenzi ni bure ikiwa Mungu hayumo katika ujenzi. Ngome ya Karema ilianza na tamaa ya mfalme, na Mungu akaifanya kuwa mahali ambapo mtoto aliyeuzwa alipata jina. Huo ndio utaratibu wa neema: haisubiri kuta safi.

Pili, tusiifiche sehemu inayouma. Wapo wanaosimulia misioni kana kwamba malaika waliishi humo, na wapo wanaoisimulia kana kwamba wamisionari wote walikuwa mawakala wa wakoloni. Karema inawakanusha wote wawili. Imani yetu haitegemei uongo, kwa hiyo haina sababu ya kuogopa kumbukumbu kamili. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika Jubilei ya mwaka 2000, mwaka ule ule jimbo letu lilipozaliwa, aliomba msamaha hadharani kwa makosa ya wana wa Kanisa. Kama Papa aliweza kusema hivyo mbele ya dunia, sisi tutashindwaje kusema ukweli mbele ya watoto wetu wa Komunyo ya Kwanza?

Tatu, na hili linatuhusu sisi wa Mwamkulu moja kwa moja: waliojenga wasisahauliwe. Tunajua jina la Cambier kwa sababu aliandika. Hatujui aliyekanyaga udongo kwa sababu hakuna aliyemwandika.

Nilirudi kigangoni Dominika iliyofuata. Tuliafikiana kwamba kikanisa cha zamani hakitaguswa mpaka kazi moja imalizike. Katibu wa kigango amenunua daftari kubwa. Kila jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo imeteua kijana mmoja wa kuwatembelea wazee na kuwauliza: nani alitoa kiwanja, nani alifyatua tofali, akina mama gani walichota maji, katekista wa kwanza alikuwa nani na alitembea kutoka wapi, ni nani waliobatizwa humo mara ya kwanza. Majina yataandikwa yote, hata ya wale waliogombana na kuhama. Nakala moja itabaki kigangoni na nyingine parokiani.

Yule mzee alikuwa wa kwanza kuhojiwa. Kijana aliyetumwa kwake alirudi akiwa kimya, akaniambia: “Padre, tofali za ukuta wa altare zilifyatuliwa na bibi yangu. Sikuwahi kuambiwa.” Kabla ya hapo alikuwa msitari wa mbele kudai kibomolewe. Sasa anauliza kama tofali chache zinaweza kuwekwa chini ya altare ya kanisa jipya.

Nawasihi waamini wa vigango vyote vya jimbo letu wafanye kazi kama hii kabla mvua na mchwa havijamaliza kuta, na kabla mauti hayajawachukua wazee. Nao watakaopata nafasi ya kwenda Karema, wasiishie kupiga picha. Wasimame uani, wawaombee raha ya milele waliolala pale, wenye makaburi na wasio na makaburi, wenye majina na wasiojulikana. Mungu anawajua wote, na kwake hakuna tofali lisilo na jina la aliyelifyatua.

Bikira Maria, Malkia wa Afrika, atuombee.